Waya wa Hatua Arobaini

Tarehe 3 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamepunguza malalamiko. Nimeandika kwa kalamu nene kama ulivyoagiza, maana Kaka, mwanao unayeishi kwake, aliniambia simu siku hizi hata ukiibana sikioni husikii kitu, na herufi zake kwako ni sisimizi wanaotembea. Basi tumerudi kwenye karatasi na posta.

Leo nakuja kwako kwa kazi. Unalikumbuka bomba la bondeni? Lile la plastiki mlilolaza miaka ishirini na miwili iliyopita, wewe ukiwa msimamizi, linaloanzia kwenye chemba ya valvu nyuma ya shule na kuishia kwenye tangi la zahanati. Limepasuka mahali, na hatujui wapi. Maji hayatokezi juu, kwa hiyo hakuna hata dimbwi la kutuonyesha. Yanapotelea kwenye mtaro wa majitaka wa zamani uliofukiwa. Na ubaya hauko kwenye maji yanayotoka, uko kwenye yanayoingia. Tunagawa maji kwa zamu. Tukifunga valvu, bomba linabaki tupu, linanyonya uchafu kwenye ule ufa, na tukifungua asubuhi watu wanakunywa. Tukifunga moja kwa moja wanakimbilia kuchota kwenye mfereji wa wazi, ambako ni kubaya zaidi. Zahanati imejaa. Wameanza kulaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Mhandisi ameomba bomba jipya, akajibiwa asubiri mwakani. Kwa hiyo kazi ni kulipata hili lililopo, na kulipata bila kuchimba. Juu yake sasa kuna lami, kuna maduka, nyaya za umeme zimepita kushoto na mirija ya mtandao imepita kulia, na mabomba madogo ya majumbani yamesokotana kama nywele zisizochanwa. Huwezi kupiga jembe kwa kubahatisha.

Mchoro uliobaki ofisini ni mstari mmoja ulionyooka, umepigwa kwa rula na mtu aliyekuwa anawahi chakula. Lakini hati ya makabidhiano ipo, na sahihi yako ipo: "Waya wa shaba umelazwa juu ya bomba mwanzo hadi mwisho." Nilipoiona nilifurahi kama nimekuona wewe mwenyewe. Plastiki haiitiki mashine, lakini shaba inaitika. Nikabana mashine kwenye ncha ya waya pale chemba, nikamchukua Mbwa (ndivyo tunavyokiita kile kifaa cha kunusa ardhini), tukaanza kutembea. Hatua arobaini analia vizuri kabisa. Ya arobaini na moja, kimya.

Naona waya umekatika. Unakumbuka mliunga wapi? Ukinipa hata kiungo kimoja nitaanzia hapo.

Mama anakusalimu. Bado yuko bondeni, amekataa kuhamia kwangu, anasema kwangu kuna ngazi nyingi na majirani wachache. Anachemsha maji, usiwe na wasiwasi. Anauliza kama bado unameza chakula bila kutafuna.

Ni mimi,
Fundi Mdogo

---

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Fundi Mdogo,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa miwani na mara moja bila, nikaona maneno ni yale yale. Mimi mzima. Uziwi una faida yake: mkwe wangu akianza kunisema nafumba macho tu, ugomvi umekwisha.

Mwambie shemeji kwamba sasa sina meno ya kutafunia hata nikitaka.

Pole na kazi. Bomba hilo nalikumbuka. Hizo mashine zenu mnazipenda mno, na mashine ikishazeeka inadanganya kama mtu yeyote. Kagua betri. Kagua na pale mlipobana, kama shaba imeota kutu ya kijani, ikwangue. Waya unaweza kukatwa na nguzo ya uzio, na panya, na mtu aliyekuwa anachimba shimo la choo. Anzia ncha ya pili, ile ya zahanati, uje huku nyuma. Mahali mtakapokutana ndipo penye tatizo.

Usichoke. Kazi ya kutafuta kitu kisichoonekana ni ya mtu mtulivu, na wewe tangu utotoni ulikuwa hivyo. Baba yako alipotutoka ulikaa siku tatu bila kulia, unamwangalia kila anayeingia. Nikasema huyu nitamfundisha ufundi.

Nisalimie ofisini, kama bado kuna anayenijua.

Baba yako Mkubwa

---

Tarehe 16 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ulisema kweli! Tumeanzia ncha ya zahanati na Mbwa amelia. Hatua thelathini na nane, safi, kisha kimya. Siku ile nilitaka kucheza barabarani. Kumbe waya upo huku na upo kule, umekatika katikati tu. Nilimpitia Mama jioni nikamwambia, "Ncha ya pili imeitika, wiki hii tunalipata." Akapiga kigelegele kimoja kifupi, majirani wakachungulia wakidhani kuna posa.

Lakini katikati ndiko kwenye shida. Kati ya kimya kimoja na kingine kuna zaidi ya hatua mia tisa. Tumeazima rada ya ardhini kutoka ofisi ya jirani, kile kigari kinachosukumwa kama cha mtoto, chenye kioo cha kuonyesha vilivyo chini. Kwenye mchanga kinaona mpaka mzizi. Kwetu ni udongo wa mfinyanzi, na mvua imeshaulowesha. Kioo kinaonyesha ukungu. Mtaalamu wake, kijana mpole mwenye miwani, aliniambia, "Dada, hapa ni kama kumulika tochi kwenye uji." Akafunga virago.

Kisha tukafungua bomba pale chemba tukaingiza fimbo ndefu ya plastiki yenye kidude cha kutoa mlio kwenye ncha, ili tukifuate juu. Kimekwenda hatua sitini kikakwama kwenye kona. Kona! Kwenye mchoro hakuna kona hata moja.

Baba Mkubwa, njoo. Siku mbili za safari najua si mchezo, lakini nitakupokea kituoni, nitakukodia kiti cha kukalia, wewe utaonyesha tu kwa bakora: hapa, hapa, pale. Nilimpigia Kaka akuulize. Akasema ulimpungia mkono, ukamwambia utaandika.

Fundi viatu aliye mkabala na Mama, watoto wake wote wawili wamelazwa.

Fundi Mdogo

---

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kuja siwezi. Goti la kulia limevimba, daktari kalifunga bandeji, naonekana kama nimevaa soksi ya timu. Na hata nikija, nitaona nini? Nilipoondoka pale palikuwa na mahindi. Sasa mnasema kuna maduka.

Andika haya. Kutoka ukuta wa shule, upande wa jua linakozama, hesabu hatua tisa. Hatua zangu, si zako. Fuata pale palipokuwa na safu ya mikaratusi. Kina ni cha kimo cha mtu hadi kiunoni, zaidi kidogo kwenye mteremko. Kona ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya mwenye baiskeli nyingi.

Kuhusu waya, tafuta ulipokatika, utaupata. Mstari nilioufuta hapo chini usiujali, kalamu iliteleza.

Pole kwa watoto wa fundi viatu. Wape maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, wasipewe kikombe kizima.

Shemeji aendelee kuchemsha.

Baba yako Mkubwa

---

Tarehe 30 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nianze na habari mbaya ili nimalize.

Mtoto mdogo wa fundi viatu amefariki. Alikuwa na miaka minne. Yule mkubwa ameruhusiwa.

Ukuta wa shule ulijengwa upya na kusogezwa, nimeambiwa na mlinzi. Mikaratusi haipo, mwenye baiskeli hakuna anayemkumbuka. Hata hivyo nilipima kama ulivyosema, nikatafuta mahali waya ulipokatika, nikaweka alama tatu za rangi kwenye lami. Mhandisi akaniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia ninao. Shimo la kwanza lilikuwa tupu, la pili likatupa mfupa wa ng'ombe. La tatu, kibarua wetu mmoja, yule tunayemwita Mrefu, sururu yake ilipiga waya wa umeme. Kilitokea kishindo kama mlango wa chuma uliofungwa kwa hasira. Yu hai. Mikono yote miwili imeungua mpaka juu ya viwiko, na daktari hasemi kitu kuhusu vidole. Mke wake alikuja ofisini, hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wageni na kofia ya mumewe mapajani, akasubiri mtu wa kumweleza. Nilitoka mimi kumweleza, kwa kuwa alama zilikuwa zangu.

Sasa Mhandisi amepiga marufuku. Bila mlio, hakuna jembe.

Halafu akasema mbele ya wote, "Mimi naona waya huo haukulazwa. Wameweka ncha mbili za kumridhisha mkaguzi." Nilimjibu vibaya, Baba Mkubwa. Nilimwambia, "Mtu unayemsema ndiye aliyenifundisha nisitie sahihi kwenye kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Alinifundisha nikiwa na miaka kumi na sita, amenishika mkono hivi." Nikatoka nje.

Nitakuuliza mara moja tu, wala sitarudia, na unisamehe kwa kuuliza. Waya upo?

Fundi Mdogo

---

Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako. Habari za mtoto yule na za Mrefu zimenikalia kifuani. Swali lako nimelisoma.

Sasa sikiliza, acha waya. Acha kabisa. Gonga maji. Zamani kabla ya hizo mashine tulifanya hivi. Wakati wa zamu ya maji, bomba likiwa limejaa, mtu mmoja asimame kwenye koki ya nyumba iliyo jirani na bomba, aifungue na kuifunga kwa nguvu, afungue afunge, kwa mpigo sawa kama anayetwanga. Ule mshtuko unasafiri ndani ya maji. Wewe tembea na kile kipaza sauti chenu cha ardhini, na kama hamna, chukua fimbo ya mti mgumu, ncha moja chini na nyingine sikioni. Mpigo unaposikika kwa nguvu kuliko kushoto na kulia, hapo chini ndipo bomba lilipo. Weka alama. Plastiki haibebi mlio mbali kama chuma, kwa hiyo kila hatua ishirini au thelathini mhamishe mgongaji aende koki inayofuata. Fanyeni Jumapili asubuhi, malori yamelala. Ni kazi ya kuchosha, lakini haidanganyi.

Na hili ulishike: bomba halikwenda moja kwa moja. Usawa wa mashine ya kusaga nafaka tulikuta mwamba. Tukauzunguka kwa upande wa mteremko, hatua kama kumi na tano nje ya mstari, kisha tukarudi. Pale tuliunga vipande vifupi vifupi, na siku hiyo mvua ilikuwa inatunyeshea kwenye gundi. Kama ni ufa, mimi ningeanzia hapo.

Anza hapo, mwanangu. Usingoje kunijibu.

Baba yako Mkubwa

---

Tarehe 7 Aprili

Baba Mkubwa,

Bado sijapata jibu lako, lakini nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi.

Mama amelazwa tangu juzi. Amekauka mpaka ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Nilimuuliza, "Mama, si ulikuwa unachemsha?" Akageuza uso. Jirani ndiye aliyeniambia. Ameacha kuchemsha tangu siku ile nilipompa habari za ncha ya pili. Alisema kuni za nini tena, mwanangu na shemeji yangu wameshalikamata, ni suala la siku mbili tatu. Na aliwaambia na wenzake. Nyumba nne za pale uani, Baba Mkubwa, waliacha kuchemsha kwa sababu Mama aliwaambia.

Ofisi nimeiaga. Nitarudi akipata nafuu. Ameuliza kama umejibu, nikamwambia wewe unajibu kila mara. Akasema, "Shemeji yangu mbishi, lakini kazi anaijua."

Tuombee.

Fundi Mdogo

---

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Waya haupo.

Nimeyaandika maneno hayo mawili baada ya kukaa mezani tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Ningeweza kuyaandika tarehe tisa Machi. Barua hii nampa Kaka yako aipeleke kwenye basi, posta itachelewa.

Ilikuwa hivi. Mkandarasi alileta koili mbili za waya. Tulihitaji ishirini na zaidi. Alisema nyingine ziko njiani. Tukangoja siku nane, mtaro uko wazi, mawingu yanajikusanya, kingo zinaanza kumomonyoka na kuliangukia bomba. Siku ya tisa akaja akasema, "Msimamizi, weka ulionao kwenye ncha mbili. Mkaguzi hupima ncha tu. Huko katikati tutakuja kuulaza baadaye." Nikamuuliza, "Baadaye lini?" Akasema, "Fukia." Nikafukia.

Karatasi aliileta imeshachapwa, maneno yote yapo, kilichokosekana ni jina langu. Nilitia sahihi juu ya boneti ya gari, injini inaunguruma. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Ningependa nikuambie kwamba nilitishwa. Sikutishwa. Sikupewa kitu. Nilikuwa nimechoka, viatu vimejaa tope, na nilitaka siku ile iishe.

Ulipokuja kwangu kujifunza kazi, nilikuambia usitie sahihi kwenye kitu ambacho hukukiona. Ulidhani nakufundisha wewe.

Barua yako ya kwanza ilipofika, jibu nilikuwa nalo. Lakini ulikuwa umeandika kwamba ulipoiona sahihi yangu ulifurahi kama umeniona. Nikasema nitakuambia barua ijayo. Ikaja inayofuata, unasema nilisema kweli, ncha ya pili imeitika. Nikaona aibu imekuwa mbili. Ule mstari nilioufuta haukuwa kalamu kuteleza. Kisha ukaniuliza wazi, kwa heshima ile, nami nikakujibu habari za koki. Nilidhani nikikupa njia ya kulipata bomba utalipata, na swali litasahaulika, na mimi nitabaki vile unavyoniona. Hapa ninapoishi mimi ni mzee kiziwi anayemwaga chai. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniona fundi.

Na Mrefu nilikuwa namjua jina lake la utani tu, kupitia kwako. Sasa naiota mikono yake.

Mwambie shemeji kuwa nilijua. Au usimwambie, ngoja apate nguvu kwanza. Mimi sijui tena lipi ni sawa. Anza pale kwenye mwamba. Nenda sasa hivi.

Baba yako Mkubwa, kama bado unakubali kuniita hivyo

---

Tarehe 21 Aprili

Kwa Msimamizi Mstaafu,

Nakujulisha yafuatayo.

Shemeji yako alifariki tarehe 13, saa tano asubuhi. Tulimzika siku iliyofuata. Kaka nilimpigia simu, bila shaka amekueleza kwa maandishi.

Barua yako ya tarehe 5 ilifika ofisini tarehe 10. Mimi nilikuwa wodini. Ilikaa mezani kwangu siku tano, haijafunguliwa. Ile ya basi ilifika tarehe 15. Nilizisoma zote mbili siku hiyo hiyo, kwanza ya kugonga maji, kisha ile nyingine.

Jumapili ya tarehe 18 tulianza kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fundi viatu ndiye aliyegonga koki. Hakuna aliyemwomba, alitukuta njiani akauliza tunafanya nini, akakunja mikono ya shati. Alifungua na kufunga kwa saa nne bila kubadilishana na mtu. Usawa wa mashine ya kusaga mlio ulihama kwenda upande wa mteremko, kama ulivyoandika. Hatua kumi na nne. Mhandisi aliruhusu tuchimbe kwa mikono na mwiko. Tulilikuta kwenye kina ulichotaja. Kiungo kilikuwa kimeachia, ufa wa upana wa kidole, na uchafu wa mtaro umekigusa pande zote.

Kukata na kuunga upya kulichukua saa moja na nusu.

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa mpya kutoka bondeni. Zahanati wameanza kulaza mtu mmoja kitanda kimoja.

Mrefu amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nimekwenda kumweleza kwamba alama zangu zilikuwa za kubuni, kwamba nilifuata waya usiokuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kuna kazi ofisini ya mtu wa mkono mmoja. Swali lake nimelipeleka kwa Mhandisi.

Mama hakuambiwa. Nilikuwa sijui bado.

Nimetoa kabatini hati zote zenye sahihi yako. Ukiacha hii ya bondeni, ni mistari kumi na moja ya plastiki katika mji huu. Zote zimeandikwa kuwa waya umelazwa mwanzo hadi mwisho. Orodha nimeiambatisha. Andika mbele ya kila mmoja kama waya upo au haupo, na chora njia yake kadiri unavyoweza. Kila hati Mhandisi ataiwekea karatasi ya onyo. Nahitaji jibu haraka.

Fundi wa kutafuta mabomba,
Ofisi ya Maji

---

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu,

Orodha nimeipokea. Mbele ya mstari wa kwanza nimeandika haupo. Mbele ya wa pili, haupo. Nilipofika wa tano nikaacha kuandika nikapiga mstari mmoja kushuka mpaka chini, maana jibu ni hilo hilo. Yote kumi na moja ina ncha tu. Baada ya lile la bondeni kupita bila mtu kuuliza, mkandarasi hakuleta tena koili zaidi ya mbili, na mimi sikuuliza tena zingine ziko wapi. Ilikuwa imeshakuwa desturi ya kazi.

Njia zake nimekaa nazo siku tatu. Nimeweza minne: wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na moja. Michoro iko ndani. Kona nimeziwekea msalaba, viungo duara. Hiyo naiamini.

Saba iliyobaki, mwanangu, haiji. Naiona mikono ya vibarua, namwona mmoja aliyekuwa anaimba vibaya, nauona mtaro, lakini nikiinua macho nione uko mtaa gani, hakuna kitu. Mkwe wangu alinikuta nimechora mstari ule ule mara sita kwenye karatasi sita, kila mmoja umekwenda kwake. Ningeweza kuchagua mmoja nikakutumia, usingejua. Sikutuma.

Vibarua wa wakati ule nilikuwa na majina ya wanane. Sita nimewazika mwenyewe. Wawili walihama, sijui kama wapo.

Shemeji alinipikia mwaka mzima baada ya mdogo wangu kufa, wakati msiba ulikuwa wake. Nilitaka kukuandikia kuhusu yeye, lakini naona sina haki ya kumlilia kwenye karatasi hii, kwa kuwa uliiomba kwa ajili ya kazi.

Nimemwambia Kaka yako anikatie tiketi, nije nitembee mitaa yenyewe, huenda miguu itakumbuka. Ukisema nije, nakuja na bandeji yangu.

Msimamizi

---

Tarehe 6 Mei

Msimamizi,

Barua yako ya tarehe 27 imefika. Michoro minne nimeifungulia faili.

Jumatatu wagonjwa wanne wameingia zahanati ya upande wa sokoni, jana wamekuwa kumi na mmoja. Nimeuliza maji yao yanatoka wapi. Ni mstari wa nane. Umo katika ile saba usiyoikumbuka.

Soko lile hunyamaza Jumapili pekee, na leo ni Alhamisi. Nyumba zenye koki za nje pale ni chache, na sehemu kubwa ya bomba imepita chini ya vibanda. Valvu hatuwezi kuifunga na hatuwezi kuiacha wazi. Nimewatuma watu wenye vipaza sauti wapite nyumba kwa nyumba wawaambie wachemshe. Wengi wanauliza mpaka lini. Nimewakataza wasitaje siku.

Kuja, usije. Safari itakumaliza, na pale palijengwa upya baada ya moto. Hata mimi niliyekulia hapa hupotea. Kaka anasema tangu uandike barua ile umeacha kula, unasukuma sahani na kukaa na karatasi.

Kula, Baba Mkubwa. Huenda ukakumbuka.

Fundi